Kitanda cha Wodi ya Wazazi: Mkono wa Kushoto

Tulimwacha Bi Nondo amelala chali.

Si kwake, wala si hospitali. Amelala katikati ya ukumbi wa wizara, mchana kweupe, juu ya kitanda cha kampuni ya kigeni, viatu vyake amevivua na kuvipanga pembeni sawasawa, kisigino kwa kisigino. Kamati nzima ya zabuni imesimama inamtazama.

Msomaji uliyekosa gazeti la wiki jana, usihangaike. Mambo yalikuwa hivi. Serikali inataka vitanda vya wodi za wazazi, nchi nzima. Karakana ya Bi Nondo, aliyoachiwa na marehemu baba yake, iliomba kazi hiyo na kuleta kitanda cha kuonyesha. Kampuni ya kigeni nayo ikaleta chake. Vikawekwa ukumbini ubavu kwa ubavu, na kampuni ya kigeni ikapewa kazi yote. Bi Nondo akakata rufaa. Asubuhi ile akasimama mbele ya kamati na kusema kwa kinywa kipana kwamba kitanda cha wageni ni kibovu, mwaka hakimalizi.

Mwenyekiti wa kamati, mtu mzito anayemung'unya pipi ya mnanaa kutwa nzima, akamuuliza, "Bibi, umewahi hata kukilalia?"

Basi akakilalia. Kwao ndiyo desturi. Karakana ile haitoi kitanda mpaka mtu wa nyumba yao akilalie kwanza, ajigeuze huku, ajigeuze kule, asikilize. Baba alikuwa akivilalia mwenyewe. Siku hizi ni Bi Nondo. Alipojigeuza ubavu, mkono wake ukaukamata mfumbati, lile bomba refu la ubavuni, kwa chini. Vidole vikagusa kitu, na moyo ukampiga pa!

Alichogusa kilikuwa kibonyeo.

Kidogo tu, laini, cha kutosha kidole gumba, kimepigwa tupa na kusuguliwa kwa msasa mahali ambapo jicho halifiki. Mtu mwingine angedhani ni kasoro ya bomba. Bi Nondo hakudhani.

Siku mama yake alipokuwa akimzaa yeye, Bi Nondo huyuhuyu, uchungu ulipopamba moto alikamata mfumbati wa kitanda cha hospitali kwa nguvu zake zote, na bomba lile kwa chini lilikuwa na makali. Likamchana kiganja toka upande hadi upande. Mtoto akalia, kiganja kikashonwa, na baba, ambaye wakati ule alikuwa anachomelea mageti ya watu, akatoka wodini amekata shauri. Atatengeneza vitanda. Na kila kitanda cha mzazi kitakachotoka kwake kitapigwa tupa chini ya mfumbati, palepale mwanamke anapokamata. Hakuna aliyemwagiza, wala kibonyeo hakikuwamo kwenye mchoro wowote. Wauguzi wenyewe hawakujua kama kipo. Waliokijua ni wazazi, na mzazi akiwa katika hali ile hana nafasi ya kusifia bomba.

Sasa kibonyeo kilekile kilikuwa hapa, chini ya kitanda cha kampuni ya kigeni.

Kitanda kilikuwa cha karakana yao!

"Bibi," alisema Mwenyekiti, akihamisha pipi toka shavu hili kwenda lile, "usingizi umekuja?"

Ukumbi ukacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mwakilishi wa kampuni ya kigeni, mwanamume mrefu wa suti ya kijivu aliyejifunza Kiswahili cha kumtosha biashara. Makarani wa wizara walimwita Bwana Tabasamu, maana meno yake hayajawahi kwenda likizo.

Bi Nondo alikuwa ameshafungua mdomo apige yowe la mwizi. Kilichomzuia ni kidole gumba chake mwenyewe. Kilikuwa bado kule chini, kinapapasa. Kila fundi ana mkono wake. Anayetumia mkono wa kulia, tupa yake hula zaidi upande wa kichwani. Kibonyeo hiki kimeliwa zaidi upande wa miguuni. Aliyekipiga ni mashoto.

Na karakana nzima, ukoo mzima, mashoto walikuwa wawili tu. Wa kwanza mama yao. Lakini mama aliiweka tupa chini siku walipomzika mumewe, na tangu hapo magoti yamemfunga nyumbani. Wa pili ni mdogo wake Bi Nondo, kitinda mimba, aliyebebwa kwa mgongo wa dada yake na kusomeshwa kwa jasho la dada yake. Ndiye anayeshughulika na wateja wa karakana. Hatembei bila mkoba wa ngozi kwapani, kwa hiyo wote humwita Mkoba.

Asubuhi hii Mkoba alikataa kuja ukumbini. Alisema tumbo linamsokota.

"Tunakungoja, bibi."

Bi Nondo akaketi, akavaa viatu taratibu, kimoja, kingine.

"Kitanda ni kizuri," akasema.

Minong'ono ikazuka. Bwana Tabasamu akapiga makofi, pa pa pa, kama yuko harusini.

"Ahsante, mama! Ahsante sana! Umesema kweli mbele ya watu."

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti akakunja uso. "Rufaa yako inasema kibovu. Unaiondoa?"

"Siiondoi. Naomba muda."

"Muda wa nini, ulale kidogo tena?" Akawageukia wenzake, akaonyesha vitanda viwili kwa kidevu. "Jamani, mtu haoni? Tazameni hiki cha wenzetu. Kina vibao vya plastiki kichwani na miguuni, kina magurudumu yanang'aa. Halafu tazama hiki chake. Si kibaya, lakini kimekaa kienyeji. Sisi hatuchagui bendera, bibi. Tunachagua kitanda."

Bi Nondo akavitazama vile vitanda viwili, ndugu wa tumbo moja, mmoja amevalishwa nguo za kukodi.

"Tunarudi hapa saa nane," Mwenyekiti akamaliza. "Ukija, uje na neno moja. Kibovu au kizuri."

*

Alifika karakana kijasho kinamtoka. Cheche zilikuwa zinaruka, nyundo zinagonga, matendegu ya vitanda yamesimamishwa ukutani yamepangwa kama miwa. Mlangoni, fundi wa rangi alikuwa anakoroga kopo lake kwa kijiti. Mzee Rangi alianza kazi na marehemu baba yake Bi Nondo, na hadi leo kucha zake hazijawahi kuonekana rangi yake halisi.

"Mwanangu, umerudi na kazi au umerudi na njaa?"

"Mzee, kile kitanda alichosema Mkoba ni cha zahanati ya mtu binafsi. Ulikipaka rangi gani?"

"Ya maziwa. Tena mara mbili. Akaniambia nisipige kibati chenye jina letu, eti mteja ana kibati chake." Kijiti kikasimama koponi. "Kwani mteja amelalamika? Rangi imebanduka?"

"Haijabanduka, baba. Rangi yako imeshinda zabuni."

Akamwacha mzee wa watu ameduwaa, akaingia ofisini na kufunga mlango kwa mgongo.

Mkoba alikuwa mezani, mkoba magotini. Alipomwona dada yake, akaukumbatia kama ngao.

"Umekilalia," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimekilalia."

"Nilijua tu. Nilipoambiwa unakwenda ukumbini nikasema, huyu dada yangu namjua, akiona kitanda hawezi kupita."

"Mkoba! Mimi nimesimama mbele ya kamati nikatukana kitanda cha baba yangu! Nimekiita kibovu, watu wanasikia!"

"Dada, nisikilize..."

"Uliapa! Ulisimama mbele ya kamati ileile ukaapa kwa niaba ya karakana kwamba hatuna ushirika wa siri na mwombaji mwingine yeyote. Hiyo ni jela. Au kule shuleni nilikokupeleka hawakukufundisha neno jela?"

Mkoba akasimama. Na yeye sasa alikuwa amepandisha.

"Jela ni hii tuliyomo! Mara ngapi tumeomba kazi ya serikali? Vitanda vya jeshi, wageni. Madawati, wageni. Hata yale makabati ya mafaili, dada, kabati ni boksi lenye mlango, wageni! Kila mara jibu ni moja, kazi yenu nzuri lakini tunataka ubora wa nje. Nikajiuliza, huo ubora wa nje ni kitu gani? Mbona siku Bwana Tabasamu alipokuja hapa alipapasa vitanda vyetu mpaka nikaona aibu? Akaniambia, nipe kimoja nikakionyeshe kwa jina langu. Nikishinda, vyote mtavitengeneza ninyi, hapahapa. Watu wetu wanapata kazi, wao wanapata jina. Jina litatupunguzia nini?"

"Jina ni la baba."

"Baba amekufa, dada. Waliobaki hai wako huko nje wanachomelea mageti kwa zamu, na wewe unawaambia wavumilie."

Bi Nondo akavuta kiti. Neno lilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa na uso wa mtoto aliyembeba mgongoni.

Akakaa. Akauliza, "Kwa nini ulikipiga tupa? Ungekitoa bila kibonyeo nisingejua mpaka nakufa."

"Tupa nimepiga wapi mimi? Mara ya mwisho kushika tupa nilikuwa na chunusi." Mkoba akatazama sakafu. "Nilitaka kukitoa hivyohivyo. Nikakifikisha getini, kimeshapakiwa. Nikashindwa. Kitanda hakijalaliwa, hakijapigwa tupa, nitakitoaje? Na kukuletea wewe ukilalie siwezi. Nikakipeleka nyumbani kwa mama."

"Kwa mama!"

"Nikamwambia ni kitanda chetu cha maonyesho, akilalie yeye, akipige tupa yeye, kwa baraka. Alifurahi, dada. Akaitoa tupa ya baba kule uvunguni, akaomba kigoda. Alipiga huku anaimba. Hakujua kinakwenda kwa nani."

Bi Nondo akamtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

"Umemtumia mama," akasema. "Mkono uleule uliochanwa."

Nje honi ikalia. Ndefu, ya lori.

*

Lori lilikuwa limeshaingia kinyumenyume mpaka kwenye banda la kupindia mabomba. Wapagazi walikuwa wanateremka na kamba. Dereva, mtu wa kipara na taulo shingoni, akamwamkia Bi Nondo kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Tumetumwa kuchukua kalibu."

Kalibu, msomaji, ni zile fremu nzito za chuma ambamo bomba hupindwa, ili kitanda cha leo kifanane na cha jana. Baba yake Bi Nondo alizitengeneza moja moja, kwa kukosea na kurudia, mpaka zikawa hazikosei tena. Karakana bila kalibu ni banda tu lenye kelele.

"Nani kawatuma?" Bi Nondo akauliza, ingawa alikuwa ameshageuka kumtazama nduguye.

Mkoba akaanza kubabaika. "Ni... ni ukaguzi tu, dada. Alisema wahandisi wao wazipime, waone kama zinafaa kwa kazi kubwa. Kisha wanazirudisha. Tulikubaliana akishinda tu, zichukuliwe."

"Zinapimiwa wapi?"

"Hapa hapa mjini. Ofisini kwao."

Dereva akajikuna kipara.

"Samahani, ndugu yangu. Mimi ni mbeba mizigo, siingilii ya watu. Lakini nikitoka hapa naambiwa moja kwa moja bandarini. Kontena liko tayari, meli inang'oa nanga kesho asubuhi."

Nyundo za ndani zikanyamaza.

"Bandarini?" Mkoba akasema. "Bandarini kufanya nini? Kama vitanda vinatengenezwa hapa, kalibu zinakwenda ng'ambo kufanya nini?"

Swali lilikuwa limejijibu lenyewe, na kila mtu aliliona jibu likimshuka Mkoba usoni kama maji ya baridi. Ule mkoba wa ngozi ukamponyoka kwapani, ukaanguka vumbini. Hakuuokota.

"Dada," akasema. "Dada, wamenifanya mjinga."

Bi Nondo hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alikwenda mpaka kwenye kalibu kubwa kuliko zote, ile ya mifumbati, akakunja sketi yake vizuri, akakaa juu yake.

"Pakieni," akawaambia wapagazi.

Wakatazamana.

"Mama, tutakupakiaje wewe?"

"Kama mnavyopakia chuma. Mimi naitwa Bi Nondo."

Mpagazi mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Dereva akavua taulo, akajifuta uso, akatazama juu, akatazama chini.

"Mimi nina mama yangu," akasema mwishowe. "Nitakwenda kunywa chai. Lakini mama, nikimaliza chai lazima nipige simu, na wenyewe wakija wana karatasi yenye saini ya huyu ndugu yako. Watakuja na polisi."

"Kunywa polepole."

Mzee Rangi alikuwa amesimama pembeni wakati wote, kopo mkononi, amesikia kila neno, tangu yale ya ofisini. Bi Nondo akamwomba akae yeye juu ya kalibu mpaka atakaporudi toka wizarani.

"Weka hapa fundi mwingine, mwenye makalio mazito," mzee akasema. "Mimi nina mahali pa kwenda."

"Wapi tena, baba? Leo?"

Lakini mzee alikuwa ameshaweka kopo chini na kuelekea getini, bila hata kuosha mikono.

*

Fundi mmoja mzito aliachwa juu ya kalibu, na njiani ndugu wawili walikaa kiti cha nyuma cha teksi, magoti yanagusana kama zamani.

"Nitasema mimi," Mkoba akaanza. "Nitasimama niseme kitanda ni chetu, nimekiuza mimi. Wageni wamedanganya, wataondolewa. Mimi nitakwenda jela, basi."

"Na karakana?"

"Karakana itabaki na kazi."

"Haibaki. Wewe ndiye uliyeapa kwa niaba yake. Ukisema umekiuza, karakana imekiuza. Wataifungia isiombe kazi ya serikali tena. Utakuwa umekwenda jela bure."

"Basi tunyamaze."

"Tukinyamaza, kalibu zinapanda meli."

Mkoba akafunika uso kwa viganja. Bi Nondo alitaka kumpiga kofi, na alitaka kumpangusa machozi. Mkono ukaenda ukarudi, mwisho ukamnyooshea kola ya shati iliyokuwa imekunjamana.

"Usifungue mdomo," akamwambia. "Chochote nitakachosema mle ndani, wewe usifungue mdomo."

Alikuwa na mpango gani? Hakuwa nao hata mmoja.

*

Saa nane juu ya alama. Feni inazunguka kwa kukoroma, viti vya ukumbini bado vimevaa nailoni za dukani, vinalia kila mtu anapojigeuza. Vitanda viwili viko palepale. Bwana Tabasamu amekaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, anatazama simu yake kila mara. Bila shaka anangoja habari za kalibu.

"Haya bibi," Mwenyekiti akasema, akimenya pipi mpya. "Neno moja."

Bi Nondo akasimama. Mkoba alikaa kando yake, ameyakaza macho kwenye zulia.

"Kizuri," akasema.

"Basi rufaa imekwisha."

"Ni kizuri kwa sababu ni cha kwetu. Kimetengenezwa karakanani kwangu, kikapakwa rangi na fundi wangu. Wao wameongeza plastiki."

Viti vyote vililia kwa pamoja. Bwana Tabasamu alibaki amekenua, lakini meno sasa yalikuwa kama yamesahauliwa nje.

"Huyu mama amechoka," akasema. "Asubuhi kibovu, mchana kizuri, sasa chake. Kitanda kimetoka kiwandani kwetu, kwa meli."

"Mwenyekiti," Bi Nondo akasema, "nakuomba kitu kimoja. Piga goti."

"Nini?"

"Piga goti hapa. Ingiza mkono chini ya bomba hili. Hapo. Sogea kidogo. Sasa nenda kwenye kile cha kienyeji, ufanye hivyohivyo."

Mwenyekiti alipiga goti kwa taabu, tumbo likigombana na mkanda. Akapapasa. Akatambaa hadi kitanda cha pili, akapapasa tena. Akarudi cha kwanza. Akafanya hivyo mpaka pipi ikamwishia mdomoni, na ukumbi mzima ulikuwa umenyoosha shingo.

"Hiki ni kitu gani?" akauliza akiwa bado chini, na dharau yote imemtoka sautini.

Bi Nondo akamweleza. Akamweleza juu ya mama yake, kiganja, na baba. Hakutia chumvi, wala haikuhitajika. Karani mmoja wa kike, mjamzito mwenye tumbo lililokwisha kushuka, alisogea bila kuombwa, akainama, akatia kidole gumba mle. Akakiacha hapo muda mrefu.

Mwenyekiti alipoinuka alikuwa mtu mwingine, na Bi Nondo hakupenda alivyokuwa.

"Bwana," akamwambia Bwana Tabasamu, "wewe usitoke humu ndani." Kisha akamgeukia Bi Nondo. "Na wewe pia. Kitanda hakikutembea chenyewe. Mtu amekitoa kwenu akampa huyu bwana, na zabuni ilikuwa imeshafunguliwa. Namtaka mtu huyo. Kama ni mtu wa karakana, mtu huyo analala polisi leo, na karakana yako haitaomba kazi ya serikali tena maadamu mimi niko hai. Nani alikiuza?"

Feni ikakoroma. Bi Nondo akahisi nduguye anainuka. Akalikamata koti lake kwa nyuma, akalivuta chini kwa nguvu.

"Nani?"

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma kabisa, mlangoni. Shingo zote zikageuka.

Mkono mmoja ulikuwa juu, wa kushoto, umefunguliwa vidole vyote. Kovu lilikuwa limekikata kiganja toka upande hadi upande, jeupe, limeng'aa kwa uzee. Chini ya mkono ule alikuwa mama, mama yao, aliyejifunga khanga ya kutokea, fimbo mkono wa kulia, kijasho cha ngazi za wizara kinamtiririka. Nyuma yake Mzee Rangi amemshika kiwiko, na vidole vyake vimeacha alama za rangi ya maziwa kwenye khanga.

"Mama..." Mkoba akasema.

"Nyamaza wewe, wakubwa wanazungumza." Mama akaanza kutembea kati ya viti. Kila hatua goti lilimuuma na kila mtu aliona. "Mwenyekiti, mwanangu, habari za kazi. Mimi ndiye niliyechanwa. Na kitanda hiki nimekipiga tupa mimi, kwa mkono huu. Hata ukinipa tupa sasa hivi nitakuonyesha. Na huyu bwana mwenye meno, nimemuuzia mimi."

"Si kweli!" Bwana Tabasamu akaruka. "Mimi mama huyu sijamwona hata siku moja!"

"Hukuniona?" Mama akamgeukia, mpole kabisa. "Basi uliyemwona wewe ni nani, baba? Mtaje."

Bwana Tabasamu akafungua mdomo, akaufunga. Akimtaja Mkoba, amekiri kwamba kitanda si chake. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nchini, meno yakaenda likizo.

Mwenyekiti akasogea karibu na mama. "Mama, wewe unafanya kazi katika karakana ile?"

"Zamani. Nilishaikabidhi kwa binti yangu na mdogo wake. Mimi sasa ni mwanamke wa nyumbani, sina cheo, wala sijaapa popote. Nimeuza kitanda kilichokuwa nyumbani kwangu. Karakana haimo."

Hapo ndipo Bi Nondo alipoelewa. Mama alikuwa amepanga. Huko njiani, na Mzee Rangi akimsimulia, bibi kizee yule alikuwa amelipima jambo lote kama anavyolipima bomba. Kama aliyeuza ni yeye, Mkoba hafungwi. Karakana haifungiwi. Wageni wanaondolewa, kalibu zinabaki. Wote wanapona.

Wote isipokuwa mmoja.

"Unajua unachokisema, mama?" Mwenyekiti akauliza taratibu. "Huu ni udanganyifu katika zabuni ya umma. Uzee hautakuondolea kesi. Polisi wako hapo nje."

"Najua. Ndiyo maana nimevaa khanga nzuri."

Mwenyekiti akamtazama Mkoba, aliyekuwa amekunjamana kitini na machozi yanamdondoka hadharani. Akautazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umeushika mkono wa kiti. Halafu akageuka.

"Bi Nondo. Asubuhi uliniambia kibovu. Mchana ukaniambia kizuri. Sasa nakuuliza kwa mara ya mwisho, na nitakuapisha. Aliyekiuza kitanda hiki ni mama yako?"

Koti la nduguye lilikuwa bado mkononi mwake, limeloa jasho. Mbele yake mama alikuwa hajaushusha mkono. Akamtazama bintiye machoni, akainamisha kichwa kidogo tu, vilevile alivyokuwa akimfanyia utotoni mbele ya wageni, akiwa na maana moja: sema ndiyo, na maswali nyumbani.

Na Mkoba, chini kule, akanong'ona, "Dada, niachie. Niachie nisimame."

Bi Nondo akanyanyua mkono wake wa kulia ili aape. Na mkono wa kushoto, ule ulioshika koti, ukaanza kufunguka, kidole kimoja baada ya kingine.